Wamesema Alale

Sipendi harufu ya dizeli. Watoto wangu wanalijua hilo, ila sababu hawaijui. Tukisimama kujaza mafuta mimi hupandisha kioo na kujifanya natafuta kitu mkobani. Lakini juzi jirani yangu alikodi trekta la kulimia kiwanja chake, na tela lililofungwa nyuma lilikuwa limebeba magunia ya mbegu za pamba za kulishia ng'ombe. Upepo ukaniletea harufu zote mbili kwa mpigo, dizeli na pamba, nikiwa nimeinama kwenye beseni nafua. Nikaacha nguo majini, nikaingia ndani nikakaa kitandani. Mwanamke wa umri wangu, mwenye wajukuu, nalia mchana kweupe kwa sababu ya trekta la jirani. Hapo nikasema basi, nitaandika, maana nimechoka kuwa na jambo hili peke yangu.

Kwetu ni upande wa Rwamgasa. Nazungumzia wakati machimbo ya Wazungu yalikuwa yameshafungwa na hizi pilikapilika za dhahabu za sasa hazijaanza. Watu walilima pamba na mihogo, wakachunga ng'ombe. Katoro hii yenye msongamano ilikuwa njia panda yenye vibanda vichache na mbwa. Nyumbani tulikuwa wanne: baba, mama, bibi aliyemzaa mama, na mimi. Mama nilimwita mayu, kama Wasukuma tunavyomwita mama. Watoto aliozaa kabla yangu hawakukaa, na baada yangu hakupata mwingine. Kwa hiyo nilipendwa kupita kiasi, na nikawa na kiburi.

Kiburi changu kilikuwa Kiswahili. Nyumbani kwetu lugha hiyo haikusemwa. Bibi hakujua hata neno, mayu alijua salamu na bei za gulioni, baba alijua cha kumtosha kuuza ng'ombe. Mimi nilikuwa darasa la pili, na ninyi mliosoma wakati wetu mnakikumbuka kile kibao: ukinaswa unasema lugha ya nyumbani shuleni unavishwa shingoni, unashinda nacho mpaka umnase mwenzako. Mimi sikuwahi kukivaa hata siku moja. Nilisomea majirani barua zao, wakanipa karanga. Maneno ya kitabu cha darasa la pili ni machache, tatizo langu ni kwamba hakuna aliyeniambia kuwa ni machache.

Kiangazi kile baba alikuwa amehamisha ng'ombe kufuata majani, mbali, upande wa Wasumbwa. Huku nyuma mayu akaanza kuumwa tumbo. Siku ya kwanza alisema ni chakula. Siku ya pili akawa anatembea amejikunja, ameshika upande mmoja. Siku ya tatu homa ikapanda na akaacha kula. Bibi alimchemshia mizizi anayoijua, na mingine ambayo hakuijua vizuri akaazima kwa watu. Lakini machoni pangu ugonjwa wenyewe haukuwa tumbo. Ugonjwa ulikuwa kutolala. Mayu alikuwa akigeuka upande huu na huu, akiguna, na kila asubuhi bibi alitoka nje akiwa amevimba macho na kusema yaleyale: "Angelala kidogo tu. Angelala, angepona." Nikashika hilo. Nilijua dawa ya mama yangu ni usingizi.

Siku ya nne bibi akaenda kwa Baba Zaituni. Huyu alikuwa dereva wa trekta la kijiji, mtu wa Tabora, Mwislamu, mwenye kofia ya kufuma na maneno mengi. Kisukuma alikuwa anakivunjavunja na hakuona aibu. Alisema hospitali iko ng'ambo ya milima, kwa miguu hafiki mtu na mgonjwa, kwa hiyo atafunga tela na kutupeleka mwenyewe.

"Lakini nakwambieni mapema," alisema asubuhi alipokuja, "betri imekufa. Hili nikilizima haliwaki mpaka lisukumwe na watu kumi. Kwa hiyo leo halizimwi. Tutakula nalo, tutaswali nalo, tutarudi nalo linanguruma hivihivi."

Tela lilikuwa limetoka kubeba pamba. Bado kulikuwa na manyoya meupe yamenasa kwenye kila msumari. Bibi akatandika magunia, juu yake mkeka, juu yake kanga, na mayu akalazwa kichwa kikiwa mapajani kwa bibi. Nimeandika "akalazwa" bila kufikiri. Ndivyo tunavyosema, mtoto analazwa, mgonjwa analazwa chini taratibu. Mimi nikakaa miguuni pake, na kikapu cha michembe, viazi vikavu vya kula njiani, na kuku jike mwekundu ambaye bibi alisema ni wa daktari.

"Na wewe ndiye mkalimani wetu," Baba Zaituni akaniambia. "Mimi nitakuwa na trekta. Bibi yako hajui, mama yako hawezi. Utaweza?"

"Nitaweza," nikasema.

"Haya, mwalimu. Twende."

Naona aibu kuandika hili, lakini nilifurahi. Sikuwahi kupanda chochote chenye magurudumu zaidi ya baiskeli ya baba. Ukungu ulikuwa bado umelala mbugani, na ng'ombe wa watu walionekana migongo tu. Miti ya porini ilikuwa imeanza kutoa majani mapya, yale yanayoanza mekundu kabla ya kuwa kijani, mlima mzima umewaka. Mawe makubwa yamepandana juu ya mawe, na ngedere wamekaa juu yao wanatutazama tunavyopita. Nilikuwa namwonyesha mayu kila kitu. "Mayu, ona ngedere. Mayu, ona jiwe lile." Yeye alikuwa anasema ndiyo, akiwa amefumba macho.

Kuku ndiye aliyeanza. Kamba ya miguu ililegea kwa mtikisiko, nikashtukia kuku wa daktari ameruka ukingo wa tela na kutua majanini. Baba Zaituni akasimamisha, akashuka na kofia yake, akaanza kumfukuza. Mtu mnene yule, anapiga kona na kuku, anainama, anakamata majani, anamtukana kuku kwa Kinyamwezi, kuku anapita katikati ya miguu yake. Mayu akainua kichwa kutazama. Akacheka. Alicheka kweli, mpaka machozi, akiwa ameshika tumbo. "Msinichekeshe," akasema, "nitapasuka." Kuku hakupatikana.

Mbele kidogo gurudumu la tela likapata pancha. Baba Zaituni akatoa jeki, akatoa vifaa vyake vya kuzibia, na jua likawa limeshapanda alipomaliza. Bibi alimfunika mayu uso kwa kanga kumkinga, akawa anampepea. Injini inanguruma muda wote huo, moshi unatujia sisi. Ndipo harufu ile iliponiingia, nadhani, dizeli na manyoya ya pamba yaliyopata joto.

Kisha tukaanza kupanda. Barabara ile ilichongwa zamani na malori ya mgodi, na mvua zilikuwa zimeikula. Tulipofika penye kona kali nikasikia mlio, kama mtu amevunja fimbo kavu. Nikaona trekta linaendelea mbele na sisi tunabaki. Ilikuwa pini, kile chuma kinachoshika tela na trekta. Imekatika.

Kwa kitambo tela lilisimama tu, halafu likaanza kurudi nyuma. Bibi hakupiga kelele. Alimlalia mayu juu, mwili mzima, na mkono mmoja akanikamata mguu. Tulirudi hatua labda ishirini, mimi nikiona bonde linakuja, kisha matako ya tela yakagonga jiwe na kila kitu kikaruka. Mayu alitoa ukelele mmoja ambao sitauelezea.

Baba Zaituni akaja mbio, uso umemgeuka rangi. Akaweka mawe kwenye magurudumu. Akawa anasema, "Mama Kabula, nisamehe. Mama Kabula, nisamehe," maana mimi ndiye Kabula. Na mayu akafumbua macho, akavuta pumzi, akavuta nyingine ndefu zaidi, akasema taratibu, kama asiyeamini:

"Limeacha."

"Nini?" bibi akauliza.

"Tumbo. Limeacha kuuma."

Bibi alianza kulia kwa furaha, na mimi nikaona kweli safari imetusaidia. Siku hizi najua kwamba tumbo la namna ile likiacha kuuma ghafla si heri. Lakini tungejuaje?

Baba Zaituni alikwenda kwenye machimbo yale ya zamani, hayakuwa mbali, kutafuta chuma. Alikaa sana huko. Aliporudi alikuwa na kipande cha nondo yenye kutu, ile waliyokuwa wakitobolea miamba. Ilikuwa nyembamba kuliko pini yenyewe, kwa hiyo akaizungushia waya, akaipiga kwa jiwe, akasema itatufikisha lakini si ya kuiacha bila kuiangalia.

Tukafika juu. Hapo mayu akaomba ainuliwe. Bibi akamwegemeza kifuani, na sote tukatazama. Upande tuliotoka ulikuwa chini yetu, mashamba madogomadogo, njia nyeupe, moshi wa jiko la mtu, na mbali kabisa mstari unaong'aa ambao Baba Zaituni alisema ni ziwa. Mayu alikuwa amezaliwa chini ya mlima ule na hakuwahi kuupanda. Alitazama kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa umetulia, jasho limemkauka.

"Kumbe kwetu ni kudogo hivi," akasema.

Akaniuliza kama naiona nyumba yetu. Nikasema naiona. Sikuwa naiona, nilikuwa nadanganya ili afurahi. Akasema, "Basi nionyeshe," nikanyoosha kidole popote, naye akaitikia kwa kichwa.

Hospitalini kulikuwa na watu wengi, wamekaa barazani na chini ya miti. Baba Zaituni alisimamisha trekta nje ya uzio, linanguruma kwa kukohoa kama linalotaka kuzimika. Alitusaidia kumshusha mayu mpaka barazani, kisha akarudi mbio kwa sababu waya wa nondo ulikuwa umeanza kufunguka. Nesi aliyetupokea alikuwa msichana mgeni kutoka mbali. Alimsemesha bibi, bibi akamtazama tu. Alikuwepo mhudumu wa kwetu aliyezoea kufasiri, tukaambiwa siku hiyo hayupo.

"Nani anajua Kiswahili hapa?" nesi akauliza.

"Mimi," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Wewe? Uko darasa la ngapi?"

"La pili."

Akatabasamu, akapiga magoti mbele yangu tukawa sawa. Alivaa saa kifuani, imening'inia kichwa chini, na mimi sikuwahi kuona saa isiyo ya mkononi. Akauliza tumbo limeanza lini, nikamuuliza bibi, nikajibu. Akauliza kama ametapika, kama amepata choo, nikafasiri yote. Nilikuwa najisikia mkubwa. Watu wa barazani walikuwa wananitazama. Akampapasa mayu tumbo, na nikaona tabasamu limemwondoka. Akampa vidonge viwili na maji. Akafungua mlango uliokuwa nyuma yake, akamwita bibi aone kitu mle ndani, na mimi nikabaki naitazama ile saa, nashangaa anaisomaje.

Kisha akaniinamia, akasema polepole ili nisikosee: "Mwambie bibi yako, mama lazima alazwe. Umesikia? Lazima alazwe, leo leo. Daktari akirudi atamwona."

Nilisikia. Nililijua kila neno. Lazima nilijua, mwalimu alilisema kila siku. Alazwe nilijua, ni kama mtoto anavyolazwa. Na moyo wangu ukaruka kwa furaha, maana hata mtu mwenye saa kifuani alikuwa ameona kile alichokiona bibi tangu mwanzo, kwamba mayu anahitaji usingizi. Nikageuka nikamwambia bibi kwa Kisukuma:

"Wamesema alale. Lazima. Leo leo."

Kulala ni kulala, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili.

Bibi akanitazama. "Alale?"

"Ndiyo. Nesi anasema lazima alale."

Bibi akatazama kwenye ule mlango uliokuwa wazi. Alitazama kwa muda. Kisha akafunga vizuri kanga yake kiunoni. "Basi twende akalale nyumbani," akasema.

Mayu alisema kwa sauti ndogo, "Tumepanda mlima wote huu kuja kuambiwa nilale?" Na akatabasamu.

Tulikuwa tumeshamshika, mimi upande mmoja na bibi upande mwingine, nesi akapita mbio na sahani ya vyuma. "Mnampeleka wapi?" akaniuliza.

"Tunakwenda kumlaza," nikamjibu.

"Haya, vizuri sana. Nakuja sasa hivi."

Nimeisikia sauti hiyo maisha yangu yote. Vizuri sana.

Kule nje Baba Zaituni akashangaa. "Mara hii? Wamesemaje?"

"Wamesema akalale," nikamwambia. "Wamempa vidonge."

"Akalale tu? Hawakusema kingine?" Aliangalia hospitali, akaangalia trekta. "Ningekwenda kuwauliza mwenyewe. Lakini nani atalishika hili? Likizimika hapa tumekwisha." Akamuuliza bibi kwa Kisukuma chake kibovu, bibi akamjibu hivyohivyo, wamesema alale. Akatikisa kichwa, akatusaidia kupandisha.

Tulipita kileleni jua likiwa limeanza kugeuka. Sikutazama ziwa. Nilikuwa namtazama mayu, kwa sababu nilikuwa nimepewa kazi na nilitaka nione inafanikiwa. Alikuwa ametoka jasho jipya, baridi. Aliniita jina langu mara moja, nikasema abee, hakusema zaidi. Tulipoanza kushuka akaacha kuguna. Mikono yake, iliyokuwa imeshika kanga, ikafunguka. Kinywa kikalegea kidogo, kama cha mtu aliyechoka sana.

Nikasimama, nikashika ukingo wa tela, nikaita mbele kwa sauti ya chini lakini ya nguvu: "Baba Zaituni. Nenda taratibu. Mayu amelala."

Aligeuka. Hakunitazama mimi, alimtazama bibi. Bibi alikuwa ameweka kiganja kwenye paji la uso la mwanawe na hakisogezi. Sijui walisemezana nini kwa macho. Baba Zaituni akavua kofia yake akaitia mfukoni, nikadhani ni joto. Kuanzia hapo aliendesha taratibu mno, anakwepa kila jiwe.

"Nimwamshe ale michembe?" nikamuuliza bibi.

"Mwache alale," bibi akasema.

Kwa hiyo nilimfukuzia nzi. Njia nzima ya kushuka nilikaa karibu na uso wake na kipande cha jani, nafukuza nzi, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Tulipoingia uani jua lilikuwa halijazama. Majirani wakaja, bibi akasema nao maneno mawili, na mwanamke wa kwanza akaangua kilio. Nikamkimbilia, nikamziba mdomo kwa mkono wangu. Nikawa nazunguka kwa mmoja mmoja, nawaambia wanyamaze, watamwamsha. Mtu fulani akanibeba akanipeleka nyumba nyingine.

Baba alirudi siku nyingi baada ya maziko. Alikuta kaburi limeshakauka. Aliuliza hospitali walisemaje, bibi akasema walisema akalale nyumbani. Habari ikaenea hivyo, kwamba walimfukuza Mama Kabula akiwa mahututi, na watu wa kwetu wakaapa hawaendi tena kule. Baba aliapa kiapo kingine. Alisema mimi nitasoma mpaka mwisho, hata kwa kuuza ng'ombe wote, asije tena mtu wetu akafukuzwa kwa kukosa msemaji. Akaanza kuniita mkalimani. Wageni wakija ananiita: "Mkalimani, njoo usalimie wageni." Anawaeleza: "Huyu ndiye aliyemsemea mama yake." Nilikuwa najivuna.

Nilikuwa darasa la nne mwalimu alipoita majina na msichana mmoja hakuitika. Kaka yake akasimama. "Amelazwa, mwalimu." Darasa likacheka, na mimi nikacheka pia, msichana mzima analala saa hizi? Mwalimu akakasirika. Akaliandika ubaoni neno lile, akalieleza, maana wengi hatukulijua. Kulazwa ni mgonjwa kubakizwa hospitali, apewe kitanda, atibiwe mpaka apone. Akatwambia tuliandike kwenye madaftari. Niliandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Kisha nikatoka nje bila ruhusa nikatapika nyuma ya choo.

Sikumwambia mtu. Baba aliuza ng'ombe kweli, mmoja baada ya mwingine, kwa ajili ya mkalimani wake, na kila aliyemuuza nilimhesabu kama pigo. Alikufa nikiwa mbali shuleni, hajui. Nilibaki na bibi.

Yeye akaanza kuumwa kifua mwaka wangu wa mwisho wa shule. Nilikuja likizo nikamkuta amekonda, anakohoa, na anakataa katakata kupelekwa popote. Nilimbembeleza siku tatu. Anasema hospitali haendi. Nikaona sina njia, anakataa kwa sababu ya uongo wangu, na uongo huo utamuua naye. Nikamweka nje kwenye kigoda apate jua, nikakaa chini nyuma yake ili nisimwone uso.

"Bibi," nikasema, "yule nesi hakutufukuza. Alisema mayu abaki pale, apewe kitanda. Mimi sikulijua neno. Mimi ndiye niliyekosea."

Hakugeuka. Alikohoa kidogo, akatema, akafukia kwa mguu.

"Najua," akasema.

Nilidhani hakusikia. Nikaanza kurudia, akanikatiza.

"Alifungua mlango akanionyesha kitanda. Akakunja shuka upande, akakipiga kwa kiganja hivi." Akapiga paja lake. "Kwani hapo panataka Kiswahili? Nilielewa. Halafu wewe ukaja ukasema alale, nikalishika neno lako, kwa kuwa ndilo nililolitaka. Watoto wangu wawili waliingia kwenye vitanda kama vile, wote nikarudishiwa wamefungwa shuka. Na tumbo lilikuwa limeacha. Nikasema huyu mmoja sitamwacha kwa watu. Nikamtoa mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?" Tulikuwa tumelala kitanda kimoja, mimi na yeye, miaka yote ile. "Mbona uliniacha nayo?"

"Sikujua kama unayo," akasema. "Ulikuwa unacheka, baba yako anakusifu. Na ningekuambia ungenichukia. Nilikuwa nimebaki na wewe tu."

Nilimchukia. Nasema kweli, nilimchukia, nikasimama nikaenda mpaka mwisho wa uwanja, nikashika uzio wa minyaa mpaka utomvu ukanimwagikia mikononi. Yeye alibaki pale kwenye kigoda, mgongo kwangu, anajaribu kufikia mahali fulani nyuma ya bega lake na mkono haufiki. Alijaribu kwa mkono mmoja, akajaribu kwa mwingine. Kisha akaita, si kwa sauti kubwa, kwamba kunamuwasha, kama niko karibu nije nimkune.

Nikanawa mikono, nikaenda. Nikapiga magoti nyuma yake, nikamkuna, mfupa kwa mfupa, mpaka aliposema basi, imetosha.